Kila Mtu na Mlima Wake

Hivi wewe, umewahi kusifiwa kwa jambo usilolijua, ukanyamaza kimya kwa sababu sifa zilikuwa tamu kuliko asali? Kama bado, msikilize Aurore. Yeye alisifiwa wiki mbili nzima, na sifa zile nusura ziwatie watoto kumi na wawili katika taabu ya kiu.

Aurore alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na alisoma darasa la tano huko Gungu, mjini Kigoma. Aliishi na bibi yake, Ndayikunda, ambaye alimwita Nyogokuru, kama watoto wa Kirundi wanavyowaita bibi zao. Walikuwa wamevuka kwa boti mwaka ule ambao watu wengi waliikimbia vita Burundi, Aurore akiwa na miezi saba tu. Kila asubuhi alichota ndoo mbili za maji bombani, akafagia uwanja kuanzia mlangoni hadi kwenye mpapai, akamsaidia Nyogokuru kutandaza dagaa juu ya turubai. Kisha alikunywa uji haraka haraka na kukimbilia shule.

"Aurore! Soksi moja nyeupe, nyingine ya njano!" Nyogokuru alimpigia kelele asubuhi moja.

"Hata hiyo ya njano ilikuwa nyeupe, Nyogokuru!"

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa tano, masika yakiaga. Mwalimu Oswald aliingia darasani na kalamu tatu mfukoni, na kati ya hizo moja tu ndiyo iliyoandika. Alisugua mikono, akasema, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tutapanda Mlima Rugongo. Tutaondoka alfajiri kwa miguu, tutapita mashambani, tutapanda mpaka kileleni, na kule juu tutachora ramani ya ziwa tukiliona kwa macho yetu wenyewe."

Darasa lililipuka kwa vigelegele.

"Tulieni! Nafasi ni kumi na mbili tu."

Vigelegele vikakatika. Darasa lilikuwa na wanafunzi sabini na wanne.

"Haya, nani amewahi kupanda mlima?"

Elia, mchekeshaji wa darasa, alinyoosha mkono. "Mimi nimepanda mchikichi, Mwalimu."

"Mchikichi si mlima, Elia."

"Lakini niliposhuka nilishuka kwa kasi sana, Mwalimu. Kovu hili hapa."

Watu wakacheka. Aurore hakucheka. Alikuwa akihesabu nafasi kumi na mbili kwa vidole, na kila alipohesabu hakuona kidole chake. Mwisho alisimama, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mimi nimezaliwa mlimani."

"Mlimani?" Mwalimu Oswald aliivua miwani yake.

"Ndiyo, Mwalimu. Kwetu kila mtu ana mlima wake. Bibi yangu huniambia kila siku."

Na hapo hakudanganya hata kidogo. Kila siku ya Mungu Nyogokuru alianza hadithi zake kwa kusema, "Kwenye mlima wetu..." Kwenye mlima wetu ndizi zilikuwa hivi, kwenye mlima wetu harusi zilikuwa vile.

"Kila mtu mlima wake!" Pastory alinong'ona kwa mshangao. "Sisi nyumbani tuna kichuguu kimoja, tena ni cha jirani."

Mwalimu Oswald aliandika jina la Aurore la kwanza kabisa kwenye orodha, akalipigia mstari. "Wewe ndiye utakuwa kiongozi wetu wa matayarisho," alisema. Basi Aurore, aliyekuwa akitafuta nafasi moja nyuma ya mstari, akajikuta mbele yake.

Tangu siku hiyo hakuweza hata kunywa maji bombani bila kuulizwa swali.

"Aurore, kule juu kuna baridi?" aliuliza Happiness, rafiki yake, ambaye naye alikuwa amepata nafasi, pamoja na Elia na Pastory.

"Ipo. Chukueni masweta."

"Na simba je?"

"Simba hawapendi kupanda. Wanachoka magoti."

Maneno hayo yalisambaa shuleni kote. Kufika Jumatano hata watoto wa darasa la kwanza walijua kwamba simba ana maradhi ya magoti. Aurore alijisikia vibaya kidogo, lakini kila mtu alipokuwa akimwita "Komandoo" hali hiyo ilipungua.

Siku moja aliwaambia kwamba wapanda milima hufungwa kamba moja kiunoni, wote kwa pamoja. Hilo aliliona kwenye picha ya kalenda dukani. Elia akaenda mpaka mwalo wa Kibirizi kwa baba yake mdogo mvuvi, akarudi na kamba ndefu ya boti. Ilikuwa kamba imara. Tatizo lake lilikuwa moja: ilinuka dagaa.

Wakafungana wote kumi na wawili, wakaanza kufanya mazoezi kwenye mteremko wa kwenda soko la Mwanga, Aurore mbele na Elia mkiani. Hawajafika mbali, Elia akaita, "Komandoo! Kuna paka nyuma."

"Endelea kupanda!"

"Sasa ni watatu."

"Elia, panda!"

"Komandoo, sasa ni saba, na mmoja ameanza kula safari yetu!"

Happiness aligeuka kutazama, akakanyaga kamba, akaanguka. Akamvuta Pastory, Pastory akamvuta wa mbele yake, na kundi zima likalala barabarani moja baada ya jingine. Mama muuza nyanya alishika kiuno. "Jamani, hii ni shule gani inayofundisha paka kuvua watoto?"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Aurore naye alicheka, akidhani kwamba kubahatisha kwake hakuna madhara.

Lakini Jumanne ya wiki ya safari, Mwalimu Oswald aliwaita wote kumi na wawili kukamilisha orodha ya vitu. Masweta, tayari. Viazi vya kuchemsha, tayari. Penseli, tayari.

"Maji. Kiongozi, kila mtu abebe kiasi gani?"

"Maji ni mazito, jamani," alilalamika Pastory, akishika bega kana kwamba tayari limeuma.

Macho yote yakamgeukia Aurore. Akakumbuka kisima cha kwenye hadithi za Nyogokuru, chini ya migomba, chenye maji ya baridi mpaka meno yanauma.

"Maji ya nini?" alisema. "Kila mlima una kisima chake."

Wenzake wakashangilia. Mwalimu Oswald alichukua ile kalamu inayoandika, akalifuta neno maji. Aurore aliona mstari ule mweusi ukipita juu ya neno, akaamua kumuuliza Nyogokuru.

Alipofika nyumbani alimkuta Nyogokuru akichambua dagaa. Akaketi karibu, akachambua naye kidogo, kisha akauliza, "Nyogokuru, kisima cha kwenye mlima wetu kilikuwa kileleni?"

"Kileleni kwa nani?"

"Kileleni mwa mlima. Kule juu kwenye mawe."

Nyogokuru aliacha dagaa. "Mawe gani? Mlima wetu ulikuwa na nyumba arobaini, kanisa, shule, na duka la Nyabenda lililouza chumvi na mafuta ya taa. Babu yako alifika mpaka mlangoni kwa baiskeli, tena akipiga kengele."

"Baiskeli? Mlimani?"

"Mwanangu, kwetu umusozi ni mlima, lakini ni mtaa pia. Watu wakikutana huulizana, wewe ni wa mlima gani? Kama hapa mtu anavyosema mimi ni wa Gungu. Na wewe huo mlima hukuupanda hata siku moja. Uliushuka ukiwa mgongoni mwangu, umelala, ukikoroma kama mzee aliyeshiba."

Aurore alihisi masikio yakipata moto. Kumbe alizaliwa mtaani kama kila mtu! Na Jumamosi watu kumi na watatu wangeupanda Mlima Rugongo juani bila tone la maji, kwa neno lake. Usiku huo alilala akiwaza. Akisema, atapoteza uongozi, labda na nafasi yenyewe, na Elia atamcheka mpaka darasa la saba. Asiposema, je, Happiness akizimia kwa kiu?

Alhamisi wazazi waliitwa shuleni kuambiwa habari za safari. Waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Nyogokuru alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge chake cha Jumapili.

"Hatuna wasiwasi," Mwalimu Oswald aliwaambia, "maana tunaye mtaalamu. Mama Ndayikunda, hongera! Mjukuu wako amekulia kwenye vilele."

Nyogokuru aligeuka. Akamtazama Aurore, akangoja.

"Na kwa ushauri wake," Mwalimu aliendelea, "hatutabeba maji."

"Mwalimu, tubebe!" Aurore alikuwa amekwisha simama. "Tubebe maji mengi! Mimi sijui kama kule juu kuna kisima. Sijui kitu chochote. Sijawahi kupanda mlima. Mlima nilikozaliwa ulikuwa na duka, na babu alikuwa akienda kwa baiskeli!"

Kisha Elia akasema polepole, "Sasa yale magoti ya simba?"

"Niliyatunga."

Wazazi wakapasuka kwa kicheko, wengine wakifuta machozi kwa kanga. Aurore aliinamisha kichwa, akieleza kwa sauti ndogo habari ya umusozi, jinsi neno lilivyoeleweka vibaya, na jinsi yeye alivyoliacha liende kwa sababu alipenda kuitwa Komandoo.

Mwalimu Oswald alifuta miwani yake. "Na mimi niungame," alisema. "Mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni paa la jiko letu. Nilifurahi mno kupata mtu wa kuniongoza, ndiyo maana sikuuliza zaidi."

Hapo mzee mmoja alikohoa kutoka nyuma. Alikuwa Mzee Leodgar, babu yake Happiness, mwenye kofia ya pama iliyochakaa.

"Mimi nina mizinga ya nyuki kwenye Mlima Rugongo," alisema. "Huu ni mwaka wa thelathini."

"Shikamoo, Mzee! Mbona hukusema?" Mwalimu Oswald alishangaa.

"Marahaba. Nani aliniuliza? Mlikuwa mkimuuliza mtoto." Akaivua kofia. "Kule juu hakuna maji. Hata nyani hushuka bondeni kunywa. Kila mtu abebe lita mbili, na tuondoke kabla jua halijawa kali. Nitawapeleka mimi. Mawingu ya mvua yakishaondoka, mnaona Kongo ng'ambo ya ziwa, na kaskazini mnaona milima ya Burundi."

Mwalimu Oswald aliandika tena neno maji, herufi kubwa. Kisha akamwita Aurore mbele.

"Uongozi nimeuondoa," alisema. "Jina lako linabaki, kwa sababu umesema ukweli mapema, wakati bado unasaidia. Jumamosi wewe ndiye utakayekagua maji ya kila mtu, na asiye nayo haondoki. Na ninyi wote sikieni, wakubwa kwa wadogo. Kutojua si aibu. Anayesema sijui hupata wa kumwonyesha njia. Anayejifanya anajua huwapoteza wengi, na sisi tunaomsifu bila kumuuliza tunamsukuma atupoteze."

Watu wakaitikia, wakaanza kujinasua kwenye madawati. Nyogokuru peke yake hakuinuka.

"Mzee Leodgar," aliuliza, "hiyo milima ya Burundi, inaonekana vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Kukiwa kweupe."

"Na njia ni kali?"

"Ni ndefu, lakini ukienda taratibu si kali."

"Na hao watoto, hawahitaji mtu mzima wa kuwapikia? Au wa kuwashikia masweta?"

"Viazi vitakuwa vimechemshwa, mama," alijibu Mwalimu Oswald. "Na masweta watayavaa."

Nyogokuru alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena. Aurore alimshika mkono. "Nyogokuru, unataka nini?"

Bibi alivuta pumzi, akawatazama wote.

"Nataka kwenda," alisema. "Miaka kumi na moja ninasimulia mlima wetu. Nataka kuuona, hata kama ni kwa mbali."