Prosesa Ipi Ina Mbio?

Mama Mapacha huhariri video sebuleni kwake. Harusi, mahafali, mikutano, zote hupitia mikononi mwake. Mumewe ni fundi magari. Akirudi kazini hunawa mafuta, huketi karibu na mkewe na kuuliza, "Imefika asilimia ngapi?" Kwa kompyuta yao kuukuu, jibu huwa lilelile tangu mchana.

Jumatatu kompyuta hiyo ilizimika, haikuwaka tena. Mama Mapacha aliogopa kweli. Video ya mahafali ya shule ilitakiwa Ijumaa. Mwalimu mkuu alishasema, "Ukichelewa tena, tutatafuta mtu mwingine." Na hakuwa na mteja mkubwa kuliko shule hiyo.

Jumanne mume na mke walikwenda dukani. Waliona kompyuta mpakato mbili za bei moja. Prosesa zake zilitoka kwa makampuni mawili yanayoshindana.

"Chukua hii," alisema mume, akionyesha kibandiko cha kasi. "Hii ni nne nukta nane. Ile ni tatu nukta sita tu. Mambo ya injini niachie mimi."

Mama Mapacha alisita. Alimpigia simu jirani yao, mwanamke anayetengeneza kompyuta. Mtaani wanamwita Bi Waya. Alifika upesi, bisibisi ikiwa bado mfukoni.

"Shemeji, ukitembea na mkeo, nani hupiga hatua nyingi?" aliuliza.

Mume ni mfupi, mkewe ni mrefu. "Mimi," alijibu.

"Na nani hutangulia kufika?"

"Yeye. Mimi hufika nikihema."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Bi Waya. "Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Namba hiyo inahesabu mabilioni ya hatua zake kwa sekunde. Haisemi kila hatua inafanya kazi kiasi gani. Msilinganishe vibandiko vya makampuni mawili. Zipeni kazi moja, muangalie saa."

Mama Mapacha alitoa flashi yenye video za shule. Kompyuta zote mbili zilipewa kipande kilekile na programu ileile.

"Zichomekeni zote kwenye umeme," alisema Bi Waya. "Na mfunge programu nyingine, moja isije ikaonewa."

Ile ya namba kubwa ilimaliza kwa dakika kumi na nne. Ile ya namba ndogo, dakika tisa.

"Labda imebahatisha," alisema mume.

Walirudia mara mbili. Mambo yakawa yaleyale.

"Kumbe hii ya namba ndogo ndiyo bora," alikubali.

"Kwa kazi ya mkeo, ndiyo," alisema Bi Waya. "Mwenye kazi nyingine apime kwa kazi yake."

Walinunua ile ya namba ndogo. Alhamisi alasiri, Mama Mapacha alipeleka video shuleni. Mwalimu mkuu aliitazama mpaka mwisho. "Mwakani usingoje tukupigie," alisema. "Kazi hii ni yako."

Mama Mapacha alirudi nyumbani akiwa na furaha tele. Mumewe alikuwa mlangoni, akimngoja. Mama Mapacha alipomsimulia, mumewe alimpokea mkoba.

"Afadhali hukunisikiliza," alisema.