Muhuri Halali kwenye Cheti cha Uongo

Ndugu zangu, nyinyi wa huku upande wa Kanja na nyinyi wa mbali mtakaosoma haya, nataka kuwaeleza yaliyotokea katika boma la jirani yangu. Sitamficha mtu, na nitaanza na mimi mwenyewe. Jina langu ni Kithaka. Nilikuwa naibu wa chifu kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Mtoto akizaliwa nyumbani badala ya hospitalini, mimi ndiye niliyeandika kwenye fomu ya serikali nani amezaliwa na nani amemzaa. Likumbukeni hilo tunavyoendelea.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Januari. Nilikuwa nimeenda kwa Mzee Ndambiri kuazima pampu ya kupulizia dawa. Jua lilikuwa limetoka vizuri, na mlima ulionekana wote. Mkewe, Nelius, alikuwa anachuma majani chai na msichana wao Wamuyu, kila mmoja na kikapu mgongoni. Mzee mwenyewe alikaa mlangoni akichagua mbegu za maharagwe. Wamuyu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa ameweka simu ya Nelius juu ya majani chai, sauti imefunguliwa. Aliyeongea ni Ruguru, binti mkubwa wa boma hilo, ambaye ni nesi Ujerumani.

"Dada, huko kuna baridi kama ya hapa kwetu Julai?" Wamuyu aliuliza.

"Julai gani! Hapa ukisahau nguo nje, unaikuta imekauka kama ubao."

Walicheka wote watatu. Nami nilicheka. Ndipo Ruguru akasema, "Sasa nisikilizeni. Nimepata nyumba ya vyumba viwili. Nimeuliza ofisi ya wageni, wamesema Wamuyu anaweza kuja tukae pamoja, bora ombi liingie kabla hajafika miaka kumi na sita. Akishapita hapo, masharti yanakuwa mengine kabisa. Baba, unanisikia? Chukua cheti chake cha kuzaliwa, kipelekwe Nairobi kikathibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, halafu kiende ubalozini."

Wamuyu aliruka hadi majani yakamwagika. Nelius alimkumbatia. Mimi na Mzee Ndambiri tulitazamana, kisha kila mmoja akaangalia kwingine.

Sababu ya kutazamana ni hii. Wamuyu si mtoto wa Nelius. Wamuyu alizaliwa na Ruguru, akiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma, kwa sababu Ndambiri ni mzee wa kanisa na hakutaka hospitali ijue. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu na kofia mkononi.

"Asistanti," aliniambia, maana ndivyo naibu wa chifu anavyoitwa huku, "nisaidie kufunika hii aibu. Andika ni wa mama yake. Msichana arudi shule."

Hakunipa hata senti. Laiti ningekuwa nimehongwa, ningesema ni tamaa. Hapana. Nilifanya kwa sababu ni jirani, ni mtu mzito, na tulikuwa tukikaa benchi moja kanisani. Nikaandika: baba, Ndambiri, mama, Nelius. Tena nilifanya mzaha, nikamwambia Mungu amembariki uzeeni kama Ibrahimu.

Na nyinyi msinitazame hivyo. Kijiji kizima kilijua. Nelius alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuna aliyemwona na mimba. Mtoto alipobatizwa tulikaa pale tumevaa suti, tukaitikia amina. Wakati huo Ruguru alikuwa amerudishwa shule ya bweni mtoto akiwa na wiki tatu, kifua kimefungwa leso ili maziwa yakauke. Nani kati yetu alisimama? Hakuna. Tulirudi nyumbani tukala wali.

Cheti kilipotoka, mzee alikifungia ndani ya sanduku lake la chuma, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Ruguru alijua mtoto ametumia jina la babu yake. Kwamba jina lake mwenyewe halimo mahali popote, hakuambiwa. Alikuwa mtoto, na mtoto alikuwa haulizi mambo ya sanduku la babake. Kuhusu Wamuyu kumwita dada, waliambiana wataeleza akikua. Na kila mwaka walimwona bado hajakua.

Kwa hiyo jioni ile ya Januari nilimuuliza Ndambiri, "Mzee, hicho cheti kitafika?"

"Kwa nini kisifike? Ni cha serikali. Nani atakiuliza?"

Lazima niseme ukweli: alikishughulikia vizuri kuliko wengi wenu. Hakutafuta mtu wa kumpitishia mambo nyuma ya mlango. Alikipeleka kwa msajili, kikaangaliwa kwenye rekodi, kikaonekana ni halisi. Akapanda Nairobi mwenyewe, akapanga foleni, akalipa kinacholipwa, akapewa risiti. Muhuri wa wizara ukagongwa. Aliporudi alipitia kituo cha kununulia majani chai, cheti kikiwa ndani ya plastiki, akituonyesha nyuma na mbele.

"Hii sasa inatambulika dunia nzima," alisema.

Na kweli ilitambulika. Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Muhuri ulikuwa halali, saini halali, namba halali. Kitu kimoja tu kilikuwa cha uongo, nacho ni nani alimzaa nani.

Machi, Ruguru alipiga simu akilia hadi Nelius akashindwa kushika simu, akampa mumewe. Mimi nilikuwepo, nimeitwa niwasaidie kuelewa.

"Baba, kwenye fomu nimeandika Wamuyu ni mtoto wangu. Cheti ulichotuma kinasema ni mtoto wa mama. Wananiuliza kwa nini nadanganya. Mimi! Wananiuliza mimi!"

"Si uwaambie basi ni mdogo wako, umchukue hivyo?"

"Mtu hawezi kuchukua mdogo wake, baba! Mama ndiye anaweza. Na hata ningeweza, sisemi tena hivyo. Nimesema hivyo miaka kumi na tano. Nenda kwa wakili, wewe na mama, mle kiapo kwamba mlimwandikisha vibaya. Asistanti pia aandike. Halafu cheti kisahihishwe. Tuna mpaka tarehe tisa Juni."

Tarehe tisa Juni ndiyo siku ambayo Wamuyu angetimiza miaka kumi na sita.

Ndambiri alikata simu. Alituangalia mmoja mmoja. "Niende kuapa kwamba nilidanganya serikali? Mimi? Jumapili nisimame wapi? Nishike kikombe cha meza ya Bwana na mkono gani?"

Nelius akasema polepole, "Na ule mkono ulioshika kikombe miaka hii yote ni upi?"

Mzee alichukua kofia yake, akatoka. Siku mbili baadaye alikuja na wazo lingine. Alikuwa amesikia kuna kijana mtaa wa Majimbo, Embu mjini, anayetengeneza vyeti kwa kompyuta, unamwambia jina la mama unalotaka, anaweka.

"Uongo mmoja umetutosha," Nelius alimwambia, akaendelea kumenya viazi.

Na mimi je? Mimi niliyeshika kalamu? Nilienda nyumbani nikakaa kimya. Nilifikiria pensheni yangu. Nilifikiria polisi. Nilijiambia, Ndambiri akienda nitaenda, asipoenda mimi ni nani? Aprili yote ikaisha hivyo. Wanaume wawili wenye mvi, tunaoitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya watu, tulikuwa tunakwepana njiani ili tusiulizane swali moja. Nikikumbuka nashikwa na hasira hadi leo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mimi.

Mei ilipoanza, Ndambiri akasema haamini kama ubalozi umekataa, anataka aione barua yenyewe kwa karatasi. Huyo ni mtu anayeamini karatasi kuliko macho yake. Ruguru akaituma kwenye simu ya Nelius. Mzee akamwita Wamuyu, akampa simu, akamwambia aende dukani Karurumo akaiprinti.

"Usiisome," alimwonya. "Ni mambo ya watu wazima."

Haya niambieni, ni mtoto gani wa siku hizi hataisoma barua inayozungumzia safari yake?

Aliisoma akiwa amesimama kwenye kaunta. Ilisema mwombaji anadai yeye ndiye mama mzazi wa Wamuyu, lakini cheti kilichothibitishwa kinaonyesha mama ni mwingine, kwa hiyo ombi haliwezi kuendelea. Alirudi kwa miguu njia nzima, ingawa alikuwa amepewa nauli. Nilikuwa pale uani. Alipita mbele yetu, akasimama mbele ya Nelius.

"Mama, si uniambie tu. Dada ni nani wangu?"

Nelius alikaa chini juu ya kikapu kilichopinduliwa.

"Ndiye alikuzaa," alisema. "Mimi nilikulea."

"Na nyinyi wote mlikuwa mnajua?" Aligeuka akanitazama mimi. "Hata wewe, guka? Hata kina Tabby wa shule? Kwani ni mimi pekee nilikuwa sijui?"

Guka ni babu kwa lugha yetu. Ndambiri aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Barua ilibaki kwenye meza ya uani, na hakuigusa.

Kesho yake saa moja asubuhi Nelius alikuwa langoni kwangu, amevaa koti lake la kanisani. Hakunisalimia. "Asistanti, unaenda ama nitaenda kukutaja peke yangu?"

Tukaenda Embu kwa wakili mmoja, Bwana Mutembei. Nelius aliapa. Mama wa miaka sitini na mbili, aliyebebeshwa uongo huo na mumewe, ndiye aliyesema kwa sauti, "Niliandikiwa mtoto ambaye si wangu, na nilinyamaza." Nami niliandika maelezo yangu kwa mkono uleule. Nilimuuliza wakili kama nitafungwa. Alisema hajui, niende nyumbani nisubiri. Bado nasubiri, na sitalalamika nikiitwa.

Lakini kusahihisha si kama kuandika. Kuandika kulichukua dakika tano na mzaha mmoja. Kusahihisha kulitaka viapo, vipimo vya damu vya Ruguru huko na vya Wamuyu hapa, na faili iliyosafiri kutoka meza hadi meza. Saini ya Ndambiri ilihitajiwa pia, na alikataa hadi Julai, kasisi mwenyewe alipokuja kumwambia kwamba kanisa limejua tangu zamani. Kanisa lilikuwa limejua! Basi alikuwa anamficha nani?

Tarehe tisa Juni ilipita. Ilikuwa Jumanne. Wamuyu alienda shule kama kawaida.

Cheti kipya kilitoka mwisho wa Agosti. Nilimsindikiza Wamuyu na Nelius kukichukua. Karani aliangalia faili, nene kama Biblia, akamuuliza, "Hiki ni cha kupeleka nje, sivyo? Basi kitataka kugongwa muhuri tena."

"Sipeleki nje," Wamuyu alisema. "Sasa nje ni mpaka nijue Kijerumani na vitu vingine vingi. Nitajaribu siku moja. Leo nakipeleka nyumbani."

Pale nje ya ofisi alimpigia Ruguru simu. Tulisogea pembeni ili tusisikie, lakini neno la kwanza tulilisikia. Alisema, "Mama."

Tulipofika nyumbani, Ndambiri alikuwa mlangoni, mahali pale pale alipochagua mbegu Januari. Wamuyu alikiweka cheti magotini pake. Miaka kumi na sita msichana huyo alimwita baba. Nilimsikia kwa masikio yangu tangu aanze kusema.

"Guka," alimwambia, "soma. Hii sasa imeandikwa ukweli."

Mzee aliinua macho kwa lile neno guka kana kwamba ameitwa na mtu asiyemjua. Kisha akainama, akasoma. Hakuna aliyemsaidia.

FUNZO

Ndugu zangu, watu wengi hufikiri shida ya kupeleka karatasi nchi nyingine ni foleni, au ada, au makarani. Hiyo ni shida ndogo. Wizara inathibitisha kwamba saini na muhuri ni vya kweli. Haiwezi kuingia chumbani kwako miaka kumi na sita nyuma ikaona nani alikuwa anajifungua. Ukiandika uongo, watakugongea muhuri juu ya uongo, na tangu siku hiyo uongo wako una nguvu kuliko mama mzazi anayelia kwenye simu.

Wewe mzazi unayetaka kumwandikisha mjukuu kama mtoto wako ili usichekwe, acha. Wewe asistanti unayekaa na kalamu leo, jirani akija na kofia mkononi, mpe chai na umwandikie ukweli. Na nyinyi ambao mlishaandika, mnajijua, na sisi tunawajua. Nendeni mkasahihishe wiki hii, kabla mtoto hajatumwa kuprinti barua. Tuliita jambo hili heshima. Msichana mmoja amekosa kuishi na mama yake kwa sababu ya heshima hiyo, na wazee wawili ambao ingewachukua asubuhi moja kwenda kuapa walikaa nyumbani miezi miwili wakilinda majina yao. Mmoja wao ndiye amewaandikia haya.