Kikaragosi Aliyejibiwa

Watu hawajakaa vizuri, mashine ya Sikiomoyo ilikwisha kuanza kazi. Ilining'inia darini mwa ukumbi, pana kama sinia la pilau, ikisikiliza sauti na mapigo ya moyo ili kutenga maneno ya mchezo na maneno ya kweli. Ukiigiza, taa iliyo juu yako hubaki kijani. Ukisema la moyoni, na hilo la moyoni likawa limekatazwa katika jiji la Mlangobahari, taa hugeuka nyekundu, na mlinzi-chuma wa mlangoni huja kukuchukua. Waliochukuliwa hurudishwa wapole mno, hata majina ya wapenzi wao hawayakumbuki.

Nyuma ya pazia alisimama Mishi. Huyu ni fundi wa lifti, mwanamke wa kuning'inia ghorofa ya mia huku akipiga mluzi, lakini leo mluzi ulimkataa. Alimpenda mwanamke mwenzake, na hajapata kulitamka hilo kwa mdomo wake. Ndiyo maana akajiunga na darasa la vikaragosi la Salehe. Mle ndani kila mwanafunzi alikuwa na siri ya namna hiyo, na kila mmoja alijifunza kuisema kwa kinywa cha kitambaa.

"Pumzi yako mpe yeye," Salehe alimnong'oneza. "Yeye ndiye anayependa, yeye ndiye anayeogopa. Wewe ni mkono tu. Ukijisahau, na mashine itakusahau."

"Na nikijikumbuka?"

"Tumekwisha sote, dada yangu. Kwa hiyo tafadhali, usijikumbuke."

Pazia likafunguliwa. Mishi akamwinua Chausiku, kikaragosi mshona nguo.

"Mchumba mliyenitafutia simtaki!" Chausiku alilia. "Nampenda Rehani, yule binti muuza maua!"

Kijani. Watazamaji wakaangua kicheko, wakaanza kumjibu, kama ilivyo desturi ya michezo hii.

"Toroka naye, Chausiku!"

"Mshonee gauni la harusi!"

Kijani tupu, ukumbi mzima. Mishi akaanza kupumua. Ndipo aliposikia sauti ya mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye hakumwalika wala hakujua kama yumo.

"Chausiku, mwanangu, mbona miaka yote hii hukuniambia?"

Mishi alijizuia asimtafute kwa macho. Akakikazia macho kikaragosi, akakiinamisha kichwa.

"Niliogopa, mama," Chausiku alisema kwa kisauti chembamba.

"Uniogope mimi niliyekuzaa? Mbona nilijua tangu ukiwa msichana! Nilikuwa nangoja useme tu. Mlete nyumbani huyo mwenzako, ale chakula changu."

Taa ikawa nyekundu. Haikuwa juu ya Mishi. Ilikuwa juu ya kiti cha mama. Wenzake walimjibu mdoli, yeye alimjibu mtoto wake, na hakuna aliyewahi kumfundisha kujificha nyuma ya kitambaa. Sheria ilimhesabia kosa pia anayejua akanyamaza.

"Ala! Nazungumza na mdoli mie!" Bi Mwanakombo alimfokea mlinzi-chuma, lakini tayari alikwisha kushikwa mkono.

Salehe alimvuta Mishi nguo. "Usitoke! Watakuchukua na wewe, watakufuta!"

Mishi aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akamvua Chausiku mkononi, akashuka jukwaani.

"Mwacheni mama yangu. Anayesemwa ni mimi."

Nyekundu.

"Rudi ndani, mjinga wewe!" mama alipiga kelele huku akilia. "Nani kakuita?"

Mkono wa chuma ukamkamata Mishi naye. Wakasukumwa pamoja kuelekea mlangoni, na ukumbi mzima ukainamisha macho. Mama akamgeukia.

"Anaitwa nani?"

"Zuhura, mama. Zuhura binti Kheri. Anapenda samaki wa nazi."

"Zuhura," mama alisema. "Nitajie tena, mwanangu. Nitajie tena kabla hatujafika."