Sentensi ya Hashimu Ubaoni

Siku ya soko mjini Lushoto watu hupita bega kwa bega. Mwanaidi, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya pale mjini, alipenya katikati ya matenga ya karoti na ndoo za plamu, flashi mkononi, ushungi wake wa zambarau ukitaka kumtoka kichwani, mpaka akafika kwenye kibanda cha kurushia muvi. Ndani alikaa kijana mrefu mwenye sweta la kijani lililoliwa viwikoni. Alikuwa akitazama televisheni na kucheka peke yake.

"Nataka vichekesho vya Kiingereza," Mwanaidi alisema. "Visivyotafsiriwa."

"Visivyotafsiriwa? Dada, hivyo havina mteja."

"Nimeshakuwa mteja. Nafundisha. Nataka wanafunzi wasikie maneno yenyewe."

Kijana akamsogezea kigoda. Kwenye kioo palikuwa na familia ya Kizungu sebuleni, na babu mkorofi asiyesikia vizuri. Babu akisema neno, watu wasioonekana wanaangua kicheko.

"Hapo amesema nini?" Mwanaidi alimpima.

"Sijui. Wakicheka, nacheka. Kipindi hiki nakipenda sana, lakini sijawahi kujua babu anasema nini."

Aliyasema hayo bila haya yoyote, akitabasamu, na Mwanaidi akajikuta amekaa. Alimfasiria kipindi kizima. Alipoondoka alikuwa na flashi iliyojaa, na namba ya simu ya kijana huyo, Hashimu.

Darasani mambo yalibadilika. Wale wa kidato cha pili walikijua Kiingereza cha mtihani, lakini ukimwita mtu asimame aongee, anatazama viatu vyake. Mwanaidi aliwawekea babu yule, akawa anasimamisha picha na kuuliza: wamecheka nini? Babu kasikia neno gani, na lililosemwa ni lipi? Wakabishana. Siku moja Yusta, binti kutoka kijiji cha Shume ambaye hakuna aliyeijua sauti yake, alishika fagio kama mkongojo na kumwigiza babu mbele ya wenzake. Walimcheka, naye akacheka, na tangu hapo hakunyamaza. Walikuwa wamemwona mtu mzima anakosea, anachekwa, na kipindi kijacho yuko kwenye kochi lile lile.

Kila jioni Mwanaidi alipita kibandani, na somo likaendelea kwa mwanafunzi mmoja. Usiku mmoja Hashimu akampigia simu.

"Mwalimu wangu, umeshakula?"

"Ndiyo kwanza nakula. Wewe?"

"Nasubiri uniambie kwa Kiingereza nile nini."

"Kula viazi, mpenzi. Viazi havina sarufi."

Asubuhi moja Hashimu alimtumia ujumbe wake wa kwanza wa Kiingereza. Alitaka kusema kwamba Mwanaidi akishaondoka, yeye hubaki akisikia harufu yake kibandani. Akaandika: "I hear your smell." Sisi harufu tunaisikia, Waingereza neno hilo wameliachia masikio. Mwanaidi alicheka. Kisha akausoma tena bila kucheka, akaweka simu kifuani.

Wiki hiyo somo lilikuwa maneno yanayokaa mahali pasipo pake. Mifano ya babu ilikwisha, Mwanaidi akatafuta mfano wa nyumbani, na mkono wake ukaandika sentensi ile ubaoni kwa mwandiko mzuri. Darasa likavunjika mbavu. Mmoja akashika pua na kuitegea sikio. Mwanaidi mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi.

"Mwalimu, kaiandika nani?" Yusta aliuliza.

"Aa, mtu mmoja tu."

Vicheko vikazimika ghafla upande wa mlango. Mwanaidi akageuka. Hashimu alisimama pale na spika aliyoahidi kuwaazima, kwa kuwa televisheni ya shule ilikuwa na sauti ndogo. Aliiweka juu ya dawati la mbele polepole, kama kitu chenye maji.

"Samahani, mwalimu. Nimeingilia kipindi," alisema, akaondoka.

Simu haikupokelewa siku hiyo wala iliyofuata. Kibanda kilifungwa. Mwajuma, muuza vitenge wa jirani, alisema Hashimu amepanda kwao Lukozi kumsaidia mama yake kuvuna viazi. "Hata kuaga hakuaga vizuri," aliongeza, akimtazama Mwanaidi kama anayejua.

Jumamosi Mwanaidi alichukua bodaboda. Alivaa baibui lake jipya, na upepo wa ukungu ukampiga usoni njia nzima. Shambani Lukozi alimkuta mama yake Hashimu, mama Hadija, na wanawake wa jirani wameinama kwenye matuta, Hashimu akijaza gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanaidi, mtu wa Mnazi kule bondeni, Kishambaa chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini alitaka mama amsikie kwa lugha yake. Alikusudia kusema amekuja kuomba radhi. Akasema amekuja kuombwa radhi. Wanawake wakashika viuno kwa kucheka. Mashavu yakamwaka moto.

Hashimu hakucheka. Alimjia, akamsahihisha kwa sauti ya chini, wakasogea pembeni.

"Ungecheka tu," Mwanaidi alisema.

"Nilitaka. Nikauona uso wako."

"Sentensi ile ulinipa mimi, Hashimu. Haikuwa yangu kuigawa. Nisamehe."

Hashimu alijipangusa udongo mikononi. "Kucheka wacheke. Vichekesho si nimekupa mimi? Ila ulisema 'mtu mmoja tu.' Hapo ndipo nilipoondoka."

Mwanaidi angeweza kusema neno limemponyoka.

"Niliona haya," alisema. "Mwalimu wa Kiingereza na mtu wa kibandani. Niliwaza wenzangu ofisini watasema nini. Ndiyo kweli yenyewe, na ni mbaya."

"Ni mbaya," Hashimu alikubali.

"Jana niliwaambia wanafunzi. Kwamba aliyeandikiwa ni mimi, na aliyeandika anaitwa Hashimu, na nampenda. Hakucheka mtu. Yusta akauliza kama umeshajibiwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia bado."

Hashimu aligeukia mabonde. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka msituni. Alipomgeukia tena, uso ulikuwa umelegea kidogo, ingawa tabasamu lake lilikuwa bado mbali.

"Wazee wa huku wakishuka Mnazi," alisema, "baba yako atawapokea?"

"Atawapokea. Ila atawauliza maswali mpaka chai ipoe."

"Mimi bado nina kidonda, Mwanaidi."

"Najua. Sitakiharakisha."

Mama Hadija, ambaye alikuwa ameinama tu lakini hakupitwa na neno, alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba wazee hawashuki mikono mitupu, basi viazi vimalizwe kwanza. Mwanaidi akapandisha baibui lake jipya, akalifunga kiunoni, akainama kwenye tuta karibu na Hashimu, akaanza kufukua.