Pengo Katika Kipande cha Mzee Elijah

Stesheni ya Voi ilikuwa imefurika siku ile ya mwaka 1973, na Peris Wakio, mwalimu wa muziki kutoka Mghange milimani, alikuwa ameshuka kuchukua vitabu vya shule. Sanduku refu jeusi likamgonga bega.

"Pole, mrembo!"

"Umebeba maiti?"

"Huyu mzima kabisa. Ni besi, fidla kubwa ya sauti nzito. Mimi Nzioka, tunapiga jazz hotelini. Lakini mpiga piano wetu ameoa akahama."

"Mimi hupiga piano."

Alisema bila tabasamu. Tangu amzike babake, Mzee Elijah, miezi minne nyuma, hakuwa amelia wala kucheka.

Alasiri hiyohiyo, hotelini, aliwapigia kipande cha Mjerumani wa kale alichofunzwa na babake. Kiilu, mpiga ngoma wao, akakifuata taratibu, Nzioka akakitembeza kwa besi, na kile kitu cha kanisani kikaanza kutikisa mabega ya wahudumu. Mahali pamoja Peris aliinua kidole, akaacha kimya, kisha akaendelea.

"Hilo pengo, Wakio! Ujanja huo umeutoa wapi?" Nzioka akauliza.

"Nyumbani."

Kila Jumamosi akashuka Voi kupiga nao. Nzioka akamwita kipenzi, akamwita malaika, naye aliitika. Alimpenda, lakini kwa namna mtu anavyojua maji ni moto ilhali mkono umekufa ganzi.

Kuuliza si ujinga, ila Nzioka hakuuliza zaidi. Jumamosi moja ukumbi ulijaa, naye ndani ya suti ya krimu akataka kumfurahisha Peris. Pengo lilipofika, akalijaza kwa besi. Watu wakapiga makofi. Peris akafunga piano, akachukua mkoba, akarudi Mghange.

Wiki ya tatu simu ya shule ikalia.

"Wakio wangu, nimekukosea nini?"

"Umekalia nafasi ya baba."

"Nafasi gani tena?"

"Piano ya kanisa letu iliingia ukungu, sauti moja ikafa. Fundi hakuna. Tukifika hapo, baba aliiimba kwa mdomo. Nimejifunza hivyo, kidole changu hakigusi pale."

"Na mimi nilidhani ni jazz. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Sikuwa nasikia kitu, Nzioka. Hata kaburini sikulia."

"Usikate. Kiilu, shika simu!"

Besi ikaanza, peke yake, kipande kilekile. Ikafika pale, ikanyamaza. Waya ulivuma tu. Nzioka hakujaza, alingoja.

Peris akafungua kinywa akaiimba ile sauti. Akalia kwa kwikwi, mbele ya Bi Gertrude mwalimu mkuu, ambaye aliacha kusahihisha vitabu akamshika mkono.

"Wakio? Upo?"

"Nipo."

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu. Utanikubali?"

"Njooni. Na besi uje nayo."

"Si wenu watasema nimewaletea maiti?"

Hapo Peris akacheka, machozi yakimtiririka, kwa kile kichekesho cha stesheni ambacho siku ile hakukisikia.