Vibonye Viwili vya Pembeni

Wewe ungefanyaje, msikilizaji wangu, kama barua ya kuvunja uchumba wako ingefika ukweni, jina lako limeandikwa chini, na wewe hukuiandika?

Prisca alikosa la kufanya. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, pale steshenari anakopiga chapa, Msasani yetu ya huku milimani. Joel, mchumba wake, aliingia na tope la kijijini kwao Kyimo kwenye viatu, akaweka karatasi juu ya kibodi.

"Nimeghairi. Njooni mchukue ng'ombe wenu." Basi, maneno ndiyo hayo.

"Tumeikuta mlangoni alfajiri," Joel alisema. "Baba anafuata ng'ombe wake saa sita."

"Joel, sikuandika mimi!"

Maulidi, mwenye duka, akaifungua kompyuta. Barua imo, imeandikwa Jumatatu, saa saba na dakika kumi mchana.

Mtaa mzima ulijua habari ya mashine ile. Tangu vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Prisca vikatike, Lutufyo, fundi wa kompyuta, alimhamishia herufi ndani ya mashine, zile anazozitumia zaidi zikakaa chini ya mkono wa kushoto. Kibonye kinasema herufi hii, kiooni inatokea ile. Mtu mwingine akigusa, anaandika takataka. Sasa nani angeamini kwamba kuna mkono mwingine?

Prisca akampigia shangazi yake, Monica, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na miwili. Saa tatu kamili akafika, kanga mbili kiunoni kwa ajili ya baridi, kalamu mkononi.

"Usilie kwanza, mwanangu. Saa saba ulikuwa wapi?"

"Kwa mama ntilie, nakula ndizi."

"Nawe, Maulidi?"

"Msikitini. Niliweka stuli mlangoni kama kawaida, watu wajue narudi. Nilirudi saa saba na nusu."

"Huyu akiolewa utapoteza mpiga chapa."

"Nitampoteza, shangazi, sikatai. Lakini mimi kwenye hiyo kibodi hata jina langu linanishinda!" Akabonyeza mbele yao. Likatoka neno lisilo na kabila. Joel peke yake hakucheka, alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Monica akaandika saa zote, polepole, herufi moja moja. "Ulipotoka kula, Prisca, uliikuta mashine salama?"

"Hapana. Nilianza kuandika, yakatoka mavurugano. Nikampigia fundi." Akaonyesha simu: saa saba na dakika thelathini na tano. "Nilisema tu, 'Fundi, hii mashine...' Akaniambia nibonyeze vibonye viwili vya pembeni kwa pamoja, herufi zangu zitarudi. Zikarudi."

"Hata mimi nilisikia," Maulidi akadakia. "Simu yake iko kwenye spika siku zote. Mkono ule haushiki simu."

Monica akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga. Kisha akasema, "Mwiteni fundi."

Lutufyo alifika saa tano kasoro dakika kumi. "Ugonile, shangazi."

"Ugonile. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kijijini Ikuti, mbali huko, tangu asubuhi. Natengeneza printa ya watu."

"Nani anaweza kuandika kwenye mashine hii?"

"Prisca peke yake."

"Prisca alipokupigia, alikuambia ina ugonjwa gani?"

"Alisema herufi zimevurugika."

"Hakusema," Maulidi alisema. "Ulimkata kauli."

Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Fundi," Monica alisema kwa upole, "ukiwa Ikuti, umejuaje ugonjwa wa mashine iliyoko Msasani kabla hujaambiwa? Uliruka stuli. Ukazirudisha herufi za kawaida ili uandike barua yako. Ukatoka mbio, ukasahau kurudisha za Prisca."

Lutufyo alitafuta pa kushika, akashika mgongo wa kiti cha Prisca. Prisca akakivuta.

"Miezi minne," Lutufyo alisema, macho chini. "Miezi minne nilipima vidole vyake, herufi moja moja, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Nilidhani ataona. Kisha nikasikia ng'ombe wa Joel wamefika."

"Ungesema kwa mdomo wako," Prisca alisema. "Ningekukatalia kwa heshima."

Saa tano na nusu. Joel akashusha pumzi, akatoa simu. "Namwambia baba asije. Yameisha, mpenzi. Ng'ombe wanabaki."

Prisca akaiokota ile barua, akaikunja kwa mkono wa kushoto, akamwekea Joel mfukoni mwa shati.

"Mwache baba yako aje, Joel. Tangu saa mbili na robo nilitaka kitu kimoja tu: uniamini mimi kabla ya hii mashine."