Mbele ya Nyumba ya Abu Radhi

Kila Alhamisi, nyati wao wa kufugwa wakishakamuliwa, Khulud alipanda mtumbwi na Shangazi Intisar kwenda kuchota maji ya kupimwa. Shangazi alisukuma upondo kati ya matete na kujaza chupa katika vituo vitatu. Chupa zilipelekwa chuoni Basra kupimwa chumvi. Khulud alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuandika kadi inayoeleza kila kituo kilipo.

"Andika vitu visivyohama," Shangazi alimwambia. "Atakayekuja baada yetu asihangaike kututafuta."

Kituo cha kwanza kilikuwa penye nguzo ya daraja lililovunjika, cha pili penye nyumba ya matofali ya pampu. Siku ya kwanza, walipofika cha tatu, jua lilikuwa kali na njaa inamuuma Khulud. Akaandika haraka: "Mbele ya nyumba ya Abu Radhi." Nani asiyemjua Abu Radhi, na lile lisauti lake la kukimbiza samaki? Shangazi alikuwa ameinama na chupa zake, hakuisoma ile kadi.

Majira ya baridi Shangazi Intisar aliugua figo, akafariki. Nyumba nzima ilipooza. Maji yalipojaa tena, Daktari Wafaa, mtaalamu wa maji, akaja kutoka chuoni kuendeleza kazi ya marehemu. Jabbar, baba yake Khulud, aliwasukuma yeye na Khulud kwa mtumbwi.

Vituo viwili vya kwanza walivipata bila shida. Kwenye cha tatu hapakuwa na nyumba, ni matete tu kila upande. Wakiwa bado wanazungukazunguka, Abu Radhi mwenyewe akatokea na mtumbwi wake, amepakia makopo ya maziwa.

"Abu Radhi! Nyumba yako ilikuwa wapi?" Jabbar aliuliza.

"Ipi, ndugu yangu? Mwaka jana pekee nimehama mara tatu! Maji yakiingia chumvi nyati hawanywi, basi tunafungua matete ya nyumba, tunapakia, twende. Mara mbili nilikaa upande huu, mara moja kule ng'ambo. Kwani mnataka kunijengea nyingine?"

Hakuna aliyecheka. Kituo hicho ndicho kilichoonyesha chumvi ikipanda kuliko kwingine. Wazee walitaka kuzipeleka hesabu zake ofisi ya maji, wakaombe mlango wa bwawa ufunguliwe, maji matamu yashuke kabla nyati hawajaanza kufa.

"Wewe si ulikuwa unakuja na shangazi yako?" Jabbar alimwambia binti yake. "Sema ni hapa, mama, Daktari achote twende."

Daktari Wafaa alikuwa ameshafungua chupa. Khulud akatazama huku, akatazama kule. Matete yote yalifanana, na njia alikuwa akiijua Shangazi. Neno moja tu lingetosha, na nani angejua?

"Sijui, baba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Shangazi alinikanya. Nilifanya uvivu."

"Kazi yote ya dada yangu!" Jabbar alisema, akageuza uso.

Daktari akaifunga chupa. "Ningechota popote na kuandika jina lile lile, tungekuwa tumepima sehemu mbili tukadai ni moja. Ofisi ya maji wakigundua, watazitupa hata hesabu za vile vituo viwili vya kweli. Kwa sasa wazee watakwenda na hivyo viwili. Navyo vinaonyesha chumvi inapanda, ingawa si kwa kasi ile."

Wakachagua mahali papya. Jabbar alikita bomba la chuma topeni. Kwa kamba wakapima umbali hadi mlingoti wa umeme, kisha wakapiga picha pande zote nne. Khulud aliandika kila kitu, akarudia kusoma kwa sauti.

"Na kile cha zamani?" aliuliza.

"Nacho kiandike. Wenzetu wa kesho wanahitaji kujua hata tulichokipoteza, na sababu yake," Daktari alimjibu. "Mtu wa kazi hii, mwanangu, anaandika kwa ajili ya asiyemjua na asiyeweza kumuuliza. Na pale asipojua, anasema hajui. Leo umelifanya hilo la pili, na ndilo gumu."

Khulud akaandika: "Kituo cha tatu cha Intisar kimepotea. Alikipima vizuri. Mimi, Khulud, sikuandika kilipokuwa."

Jabbar aliisoma kadi ile polepole. Alipofika kwenye jina la dada yake, alilia.